Mwezi Umeandama Wapi? Falaki Kidogo kwa Kila Nyumba

 

Kila mwaka, jioni ya tarehe 29 Shaabani, na tena jioni ya tarehe 29 Ramadhani, mitaa yetu hujaa swali moja: mwezi umeandama? Simu hulia kutoka kila upande. Huyu amesikia umeonekana nchi fulani, yule ameambiwa haukuonekana popote. Kukicha, katika nyumba moja dada amepika pilau ya Idi na kaka yake bado amefunga. Mama huketi kati yao, hajui amkirimu nani. Mtoto mdogo naye huuliza swali ambalo wakubwa hulikimbia: "Kwani mbinguni kuna miezi mingapi?"

Swali la mtoto huyo ni la haki, na makala haya tumeyaandika kwa ajili yake na kwa ajili ya mama yake. Hatukusudii kutoa fatwa ya nani afuate mwandamo upi. Hilo lina wenyewe na lina mahala pake. Tunakusudia kueleza namna Mwenyezi Mungu alivyovipanga viumbe hivi vitatu, jua, ardhi na mwezi, kwa kuwa ugomvi mwingi wa mwandamo hutokana na kutojua jambo ambalo linaweza kufundishwa ukumbini kwa taa moja na chungwa moja.

Chungwa, kunazi na nyumba

Tuanze na ukubwa wa vitu. Ardhi yetu ni tufe lenye upana wa takriban kilomita 12,700. Mwezi una upana wa kilomita 3,475, yaani robo ya ardhi na kidogo zaidi, nao uko mbali nasi kwa wastani wa kilomita 384,400. Jua lina upana wa karibu kilomita milioni 1 na laki 4, na liko umbali wa kama kilomita milioni 150.

Hesabu kubwa hivi hazimkai mtoto kichwani, basi mpimieni kwa vitu vya nyumbani. Chukueni chungwa lenye upana wa sentimita 8, liwe ndiyo ardhi. Kwa kipimo hicho mwezi ni kunazi, nao uwekwe mita 2 na nusu kutoka kwenye chungwa. Jua je? Jua litakuwa na upana wa karibu mita 9, kama nyumba nzima, na nyumba hiyo iwe karibu kilomita 1 kutoka pale lilipo chungwa. Nuru ya jua, pamoja na kasi yake isiyo na mfano, huchukua dakika 8 na kidogo kutufikia. Mwangaza unaotuamsha asubuhi ulikwisha kuondoka kwenye jua kabla hatujamaliza kutawadha.

Ardhi ina mienendo miwili mikubwa. Hujizungusha yenyewe mara moja kwa mchana na usiku, na hulizunguka jua kwa siku 365 na karibu robo. Sisi tulio karibu na ikweta ndio tunaobebwa kwa kasi zaidi katika kujizungusha huko, yapata kilomita 1,670 kwa saa, wala hatuhisi chochote, kwa sababu bahari, hewa na nyumba zetu zote zinakwenda pamoja nasi. Kasi hiyo huyasaidia maroketi yanayorushwa karibu na ikweta kuelekea mashariki. Ndiyo mojawapo ya sababu za kuchaguliwa Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kuwa kituo cha kurushia maroketi. Kutoka hapo, tarehe 12 Disemba 1970, kilirushwa chombo cha kuchunguza nyota kwa miale ya eksirei, cha kwanza cha aina yake duniani, kikapewa jina la Uhuru kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake.

Ukaribu wetu na ikweta umetupa neema nyingine: mchana na usiku wetu hulingana takriban saa 12 kwa 12 mwaka mzima. Ndiyo maana wazee wetu waliweza kuhesabu saa kuanzia kucha na kuchwa kwa jua, tukawa na saa moja asubuhi na saa moja usiku. Na kwa kuwa siku katika hesabu ya Kiislamu huanza magharibi, usiku wa Ijumaa kwetu ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili cha pwani amekwisha kuingia darasa la falaki bila ya kujua.

Mwezi huzaliwaje

Mwezi hauna nuru ya kwake. Huipokea ya jua na kuturudishia. Surat Yunus imetofautisha baina ya mwangaza wa jua na nuru ya mwezi, na imetaja kwamba mwezi umewekewa vituo ili watu wapate kujua hesabu ya miaka. Ili mtoto avione vituo hivyo, fanyeni hivi usiku.

Zimeni taa zote za chumba isipokuwa moja. Mtoto asimame akiielekea taa, anyoshe mkono na kushika chungwa, ambalo safari hii ndilo mwezi, aliinue juu kidogo ya kichwa. Taa ndiyo jua, na kichwa chake ndiyo ardhi. Akiwa ameielekea taa, upande wa chungwa anaouona ni wa giza. Hiyo ndiyo hali ya mwezi ulipo upande mmoja na jua, nao wataalamu huiita kuungana. Ajigeuze polepole kushoto, mkono ukiwa umenyooka vilevile. Utatokea ukingo mwembamba wa nuru: hiyo ni hilali. Akifika robo ya mzunguko ataona nusu ya chungwa imeng'aa. Akiipa taa mgongo, chungwa lote litang'aa, nao ni mwezi mpevu wa tarehe 14 au 15. Akiendelea, nuru itapungua kwa upande wa pili hadi itoweke, na mwezi umekwisha.

Safari hiyo, kutoka kuungana hadi kuungana, huchukua kwa wastani siku 29, saa 12 na dakika 44. Siku haiwezi kukatwa nusu, basi mwezi wetu huwa wa siku 29 au wa siku 30, kama Mtume (s.a.w.) alivyowabainishia masahaba kwa kuwaonyesha vidole vyake. Miezi 12 ya namna hiyo hufanya siku 354 au 355, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Ndipo Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka, mara ikawa wakati wa Kaskazi na joto lake, mara wakati wa Kusi na mvua zake, na huchukua takriban miaka 33 kurejea ilipoanzia. Bibi aliyefikisha miaka 70 amekwisha kuishuhudia ikizunguka misimu yote mara mbili.

Wahenga wa pwani walilijua hilo. Kwa ibada waliuhesabu mwezi, kuanzia Mfungo Mosi hadi Ramadhani. Na kwa kilimo na safari za baharini waliuhesabu mwaka wa jua, ulioanza kwa Nairuzi na kugawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi. Hesabu mbili zilikaa katika nyumba moja bila ya kugombana.

Kwa nini uonekane kule na usionekane huku

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Kuungana kwa mwezi na jua hutukia kwa wakati mmoja kwa ulimwengu wote. Lakini magharibi haiingii kwa ulimwengu wote wakati mmoja. Hutembea kutoka mashariki kwenda magharibi, kwa kuwa ardhi inajizungusha. Na mwezi uliotoka kuungana hauonekani papo hapo. Ni mwembamba mno na uko karibu mno na jua. Kwa macho matupu, mwezi ambao haujatimiza takriban saa 15 tangu kuungana hauonekani, na aghalabu huhitaji saa 20 au zaidi.

Tuchukue mfano. Tuseme kuungana kumetukia saa kumi za alfajiri kwa saa za Mombasa. Jua litakapokuchwa Mombasa, kama saa kumi na mbili na nusu jioni, mwezi utakuwa na umri wa saa 14 na nusu. Hakuna atakayeuona, ajapokuwa na macho ya mwewe. Jua litakuchwa Dakar, kwenye ncha ya magharibi ya Afrika, baada ya saa nne hivi. Huko mwezi utakuwa na umri wa saa 18 na zaidi, na mwenye macho mazuri yamkini akauona. Mtu wa Dakar amesema kweli kwamba ameuona, na mtu wa Mombasa amesema kweli kwamba hakuuona. Mwezi ni mmoja. Kilichotofautiana ni mahala pa kusimama.

Umri si sharti pekee. Hutazamwa pia urefu wa mwezi juu ya upeo wa macho, muda utakaobaki baada ya jua kuzama, na usafi wa hewa. Hata miji iliyo katika mstari mmoja wa kaskazini na kusini, kama Mombasa na Makka, huweza kutofautiana, kwa sababu njia ya mwezi huinama huku na huku kwa kufuata majira. Hapa kwetu mwezi hushuka karibu wima baada ya jua, ndiyo maana hilali yetu mara nyingi hulala chali kama dau, ilhali nchi za kaskazini ya mbali huiona imesimama ubavu. Na sisi tuna mawingu ya pwani, ambayo hayana huruma na mwenye kusubiri Idi.

Tofauti hii haikuzaliwa na redio wala simu. Imamu Muslim amepokea kisa cha Kuraib, aliyesafiri kutoka Sham hadi Madina. Huko Sham mwezi wa Ramadhani ulikuwa umeonekana usiku wa Ijumaa, na Madina ulionekana usiku wa Jumamosi. Alipomweleza Ibn Abbas, yeye alibaki na mwandamo wa Madina. Wanavyuoni wakajenga juu ya kisa hicho mlango mzima wa kuhitalifiana kwa matlai, wengine wakaona kila nchi ina mwandamo wake, wengine wakaona mwandamo mmoja unawatosha wote. Hatukusikia kwamba Kuraib na Ibn Abbas walitupiana maneno.

Na je, hesabu ina nafasi gani? Wanavyuoni wengi hawakukubali mwezi uthibitishwe kwa hesabu peke yake. Lakini Imamu Taqiyuddin Subki, mwanachuoni mkubwa wa Kishafii aliyefariki mwaka 1355, alisema kwamba hesabu ya yakini ikionyesha mwezi hauwezi kuonekana, ushahidi wa anayedai kuuona haupokelewi. Na wapo waliomkhalifu. Sisi tunasema hili tu: mwenye kujua saa ya kuungana hatopeperushwa na kila ujumbe wa simu. Ukiambiwa mwezi umeonekana mahala ambapo kuungana hakujatukia bado, una haki ya kunyamaza na kungojea watu wa elimu.

Kivuli hakiui mtu

Wasomaji watauliza: ikiwa mwezi hupita baina yetu na jua kila mwezi, mbona jua halipatwi kila mwezi? Ni kwa sababu njia ya mwezi imeinama kwa kama digrii 5, kwa hiyo mara nyingi hupita juu au chini ya jua. Vinapolingana sawasawa, kivuli cha mwezi hutuangukia na jua hupatwa. Na hilo haliwezi kuwa ila mwishoni mwa mwezi wetu. Ardhi inapoingia kati, kivuli chetu huuangukia mwezi, na hilo haliwezi kuwa ila katikati ya mwezi. Ndivyo ilivyokuwa usiku wa tarehe 7 Septemba 2025, katikati ya Mfungo Sita, pale mwezi ulipogeuka mwekundu kuanzia saa mbili na nusu usiku hadi karibu saa nne. Wekundu ule si damu. Ni nuru ya jua iliyopinda ndani ya hewa ya ardhi na kuufikia mwezi ikiwa na rangi ya machweo.

Jua lilipatwa Madina siku aliyofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume (s.a.w.). Watu wakasema jua limehuzunika kwa ajili yake. Baba aliyefiwa angeweza kunyamaza na maneno hayo yakabaki kuwa sifa ya mwanawe. Lakini Mtume aliwafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu, akawaamrisha swala na dua. Basi leo wanaowatisha waja wazito kwamba kupatwa kwa mwezi kutamharibu mtoto tumboni wamekwenda kinyume na mafundisho hayo. Kivuli hakimgusi mtoto.

Hatari ya kweli iko kwenye macho. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kamili katika njia inayopita Misri, Saudia na kaskazini ya Somalia. Mji wa Makka utaingia gizani mchana kwa muda wa kama dakika 5. Sisi tutaona sehemu tu ya jua ikiliwa. Wazazi, wazuieni watoto wasilikodolee jua. Miwani ya kawaida, kioo kilichopakwa masizi na filamu ya eksirei havikingi. Hukinga miwani maalumu ya kupatwa kwa jua peke yake. Kutazama mwezi ukipatwa hakuna dhara lolote.

Sayari hazijui jina la binti yako

Pamoja na ardhi, sayari zinazolizunguka jua ni nane: Utaridi, Zuhura, Ardhi, Mirihi, Mushtarii, Zohali, Uranusi na Neptuni. Tano huonekana kwa macho: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtarii na Zohali. Zitambueni kwa jambo moja: nyota hupepesa, sayari hutulia. Ile inayong'aa kupita zote, mara jioni upande wa magharibi na mara alfajiri upande wa mashariki, ni Zuhura. Kwa mbali ni pambo. Kwa karibu ni tanuri, maana joto lake hupita digrii 450. Mushtarii ni pana kuliko ardhi mara 11, na kwa darubini ya baharia utaona miezi yake minne imejipanga kama shanga.

Tumezitaja kwa sababu bado ziko nyumba zinazopeleka majina ya kijana na binti wakatazamiwe nyota kabla ya nikaha. Wakiambiwa nyota hazipatani, posa huvunjwa na mabinti hubaki na doa wasilolitenda. Mushtarii, hata inapotukaribia kabisa, iko mbali nasi karibu kilomita milioni 590. Inakwenda njia iliyopangiwa na Mola wake, na haina habari na mahari ya mtu. Falaki ni elimu ya kupima, unajimu ni kubahatisha ghaibu, na Mtume (s.a.w.) ametukataza kuwaendea wabashiri. Ulizeni tabia na dini ya kijana. Hayo yanajulikana hapa hapa mtaani.

Kibla kwa kijiti

Tuwaachie faida moja ya kufanya kwa mikono. Mara mbili kwa mwaka jua husimama wima juu ya Al-Kaaba: takriban tarehe 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana, na tarehe 16 Julai, saa sita na dakika 27 mchana. Saa za Makka na za Kenya ni moja, kwa hiyo hamna haja ya kubadili hesabu. Simamisheni kijiti wima uani. Mstari unaotoka ncha ya kivuli kuja kwenye shina la kijiti unaelekea Kibla. Wakazi wa Mombasa wataona unaelekea karibu kabisa kaskazini.

Na wasidhani akina mama kwamba elimu hii si yao. Ibn al-Nadim, katika kitabu chake cha Fihrist, amemtaja al-Ijliyya, binti aliyejifunza utengenezaji wa asturlabu, chombo cha kupimia nyota, akaifanya kazi hiyo katika baraza la Sayf al-Dawla mjini Halab, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Wanawake wetu wa Kwale wanaolima mwani, na wote wanaoshuka pwani kutafuta kombe na pweza, nao husoma mwezi kila siku: wanajua bamvua huja mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji mafu huja ukiwa nusu, na kwamba maji huchelewa kwa kama dakika 50 kila siku, kwa kuwa mwezi nao huchelewa kadiri hiyo.

Basi Ramadhani ijayo isitukute mikono mitupu. Kuanzia Rajabu, mtoto mmoja katika kila nyumba apewe daftari, aandike kila jioni umbo la mwezi na mahala ulipo. Itakapofika tarehe 29, nyumba hiyo itakuwa inajua inatazama nini. Na ikiwa hata hivyo ndugu wawili watafuata miandamo miwili, aliyefunga amsaidie aliyefungua kuandaa sinia, na aliyefungua asile mbele ya aliyefunga. Kuandama kwa mwezi kunaweza kuhitalifiana kwa siku moja. Kuunga udugu ni wajibu wa kila siku.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, na azikusanye nyoyo zetu. Wabillahi tawfiq.